Mashine Mpya za Watoto Ziwekwe Upande Gani wa Bustani

Bustani moja ya michezo ya watoto hapa Mtwara, ambayo sitaitaja jina kwa sababu mwenyewe hajanituma kuitangaza, inakusudia kuongeza mashine mpya kabla ya msimu ujao wa korosho. Zinatakiwa farasi wadogo wa kuzunguka, treni ya watoto yenye mabehewa matatu, jumba la kurukia linalojazwa upepo, na seti ya bembea na mitelezo kwa ajili ya watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Fedha zimekwisha kupatikana. Kilichobaki ni kuamua zikae wapi. Mama mwenye bustani alinipa kazi ya kupima kiwanja chake, kwa kuwa upimaji ndio unaonilisha, na katika kupima tukajikuta tunabishana kwa heshima juu ya jambo ambalo halimo katika mapatano yetu. Naziandika hapa hoja zangu kwa kirefu, kwa sababu yeye mwenyewe alisema, "Mwanangu, ukishaziandika nitazisoma kwa utulivu, hapa juani siwezi kukusikiliza."

Kiwanja chenyewe ni mstatili, mita 90 kutoka barabarani upande wa kusini hadi ukuta wa baharini upande wa kaskazini, na mita 50 kwa upana. Lango liko barabarani. Jiko, stoo na baraza ya viti vimejengwa kwa mstari mmoja kandokando ya ukuta wa magharibi, karibu na katikati ya urefu wa kiwanja, na jenereta imewekwa nyuma ya jiko. Minazi imesimama upande wa baharini, miarobaini mitatu iko katikati, na sehemu iliyosalia ni mchanga mtupu wenye bembea chache za zamani na gurudumu moja linalosukumwa kwa mkono. Mama anapendelea mashine mpya ziwekwe ama mbele kabisa, karibu na barabara, ili wapita njia wazione, ama nyuma kabisa, kandokando ya bahari, kwa kuwa huko ndiko kwenye nafasi na mandhari. Mimi napendelea katikati, mbele ya baraza, upande wa mashariki wa jiko, mahali ambapo kwa sasa huegeshwa gari la kuleta soda.

Hoja yangu kubwa haihusu mashine hata kidogo, bali inamhusu mtu mzima anayengoja. Mtoto wa miaka mitatu haendi bustanini; hupelekwa. Anayempeleka ndiye anayelipa tiketi, ndiye anayeamua saa ya kuondoka, na ndiye anayeamua kama Jumapili ijayo watarudi au watabaki nyumbani. Huku kwetu mtu huyo si lazima awe baba au mama mzazi: mara nyingi ni bibi mwenye miguu inayouma, au mama mdogo aliyebeba mtoto mwingine mgongoni, au mjomba, ambaye katika koo za Wamakonde, Wayao na Wamwera zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama hawezi kuwakatalia wapwa zake jambo dogo kama hilo siku ya sikukuu. Ukimweka mtu huyo juani, amesimama, akikodoa macho ili amwone mtoto aliye mbali, atavumilia kwa muda mfupi kisha atasema, "Haya, twendeni." Ukimpa kiti, kivuli, chai ya tangawizi na mtoto aliye mbele ya macho yake, atakaa hadi adhana ya Magharibi, na kila baada ya dakika chache mtoto atamjia kuomba tiketi nyingine.

Walt Disney alisimulia mara kadhaa kwamba wazo la kujenga Disneyland lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika Griffith Park, mjini Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao huku yeye mwenyewe hana la kufanya. Bustani yake ilipofunguliwa mjini Anaheim mwezi Julai 1955, farasi wa kuzunguka waliwekwa katika ua ulio nyuma tu ya lile kasri la katikati, yaani mahali ambapo kila mgeni aliyevutwa na kasri hilo angefika. Hata hivyo mwaka 1983, baada ya miaka 28, ilibidi farasi hao wasogezwe nyuma kidogo ili kupanua njia ya watu. Nilimtajia Mama habari hiyo kwa sababu moja tu, kwamba hata wenye fedha nyingi na wahandisi wengi walihitaji miaka karibu 30 kurekebisha mahali pa mashine moja, na sisi tunaoweka msingi wa zege kwa fedha ya kudunduliza hatuna nafasi ya kusogeza kitu.

Nianze na jua, kwa kuwa ndilo lililomshinda Mama kunisikiliza. Bustani hujaa baada ya saa 10 alasiri, watu wakishatoka kazini na sala ya Alasiri ikishapita, na jua huzama kati ya saa 12 na dakika chache mwezi Juni na karibu saa 12 na dakika 40 mwezi Desemba. Biashara yote ya siku ya kawaida, basi, hufanyika ndani ya saa mbili na ushee, na katika saa hizo jua liko magharibi. Mtwara iko takribani nyuzi 10 na robo kusini ya ikweta. Ukipiga hesabu kwa latitudo hiyo utakuta kwamba saa 10 alasiri mwezi Juni kitu chenye kimo cha mita 4, kama jengo la jiko la Mama, hutupa kivuli cha mita 8, na mwezi Desemba kivuli cha chini kidogo ya mita 6. Ifikapo saa 11 jioni, kivuli hicho kimerefuka hadi mita 16 mwezi Juni, na karibu mita 10 mwezi Desemba. Kwa maneno mengine, ule ukuta ambao Mama anauona kama mgongo wa jiko ni mwavuli mkubwa alioulipia siku nyingi, na kivuli chake huangukia mahali pale pale penye gari la soda.

Jambo ambalo watu wengi hawalizingatii wanapopanda miti ni kwamba kivuli hakirefuki na kufupika tu, bali pia huhama. Mwezi Juni jua la alasiri liko magharibi kwa kuelekea kaskazini, kwa hiyo kivuli huangukia mashariki kwa kuelekea kusini. Mwezi Desemba mambo hugeuka, na kivuli kikaangukia mashariki kwa kuelekea kaskazini. Kati ya miezi hiyo miwili, kivuli cha saa 10 cha mti mmoja huzunguka zaidi ya nyuzi 50. Anayeweka mashine chini ya mti mmoja kwa kuangalia kivuli cha siku aliyokwenda kupima atashangaa miezi sita baadaye kuona mti ukikifunika kibanda cha tiketi na watoto wakiungua. Kinachosaidia ni kitu kirefu kilichojipanga kutoka kusini kwenda kaskazini, ama ukuta ama safu ya miti, na jengo la Mama limekaa hivyo kwa bahati njema. Kwa mitelezo, hasa ile ya bati au ya plastiki nyeusi, suala hili si la starehe tu, maana kitu cha namna hiyo kikikaa juani mchana kutwa kinaweza kuunguza ngozi ya mtoto mdogo kabla hajajua kwamba anapaswa kuinuka.

Kuna faida nyingine ya upande huo ambayo niliigundua nilipokuwa nimeketi barazani nikisubiri msaidizi wangu ashike fimbo ya kupimia upande wa pili. Baraza inatazama mashariki. Aliyeketi pale jioni ana jua mgongoni, na kila kilicho mbele yake kimemulikwa vizuri, hata rangi ya kandambili za mtoto anaiona. Mashine zikiwekwa upande wa magharibi wa viti, mzazi huyo huyo atakuwa akitazama jua usoni, na watoto wote wataonekana kama vivuli vyeusi visivyo na sura. Kwa kazi ya kulinda watoto, sioni kama kuna hoja nzito kuliko hii. Ningependa mashine ya mbali kabisa miongoni mwa zile za wadogo isizidi mita 15 kutoka kwenye viti, umbali ambao bibi anaweza kumwita mjukuu wake bila kupaza sauti iliyozidi adabu.

Upepo nao una lake la kusema. Kwa mwaka mzima tunaishi na pepo mbili, kusi inayotoka kusini mashariki na kaskazi inayotoka kaskazini mashariki, na ingawa zinapingana majina, zote mbili zina upande wa mashariki ndani yake. Moshi wa mkaa wa mishikaki na moshi wa jenereta, vikiwa upande wa magharibi wa kiwanja, hupelekwa nje ya bustani karibu mwaka mzima. Umeme wa hapa unatokana na gesi ya Mnazi Bay, lakini hakuna mwenye biashara anayethubutu kuendesha farasi wa kuzunguka bila jenereta ya akiba. Basi ikae huko huko iliko, nyuma ya jiko, na ukuta uzuie kelele zake.

Sasa nije kwenye pendekezo la baharini, ambalo Mama analipenda kwa moyo wote, na sina budi kukiri kwamba mandhari ya kule ni ya kupendeza. Lakini mandhari ni ya watu wazima. Mtoto wa miaka minne akiwa juu ya farasi wa plastiki haangalii bahari. Anamwangalia aliyempandisha, kuhakikisha kwamba bado yupo. Kinachoiangalia mashine ni chumvi. Upepo hubeba matone madogo ya maji ya bahari, na wingi wa chumvi inayoanguka ni mkubwa sana karibu na maji, kisha hupungua upesi kadiri unavyosogea ndani. Mwenye nyumba yeyote wa Shangani, mtaa wetu wa kandokando ya bahari, atakueleza misumari ya bati lake huchukua muda gani kuisha. Katika mashine za watoto, vinavyoliwa kwanza ni vile visivyoonekana: boliti zilizo ndani ya mabomba, minyororo ya bembea pale pete mbili zinaposuguana, na beringi za mhimili unaozungusha farasi. Rangi ya juu inaweza kuendelea kung'aa huku chuma cha ndani kimebaki ganda, na mita chache za kusogea ndani zitamwokolea Mama fedha nyingi kuliko ndoo kadhaa za rangi.

Pwani yetu pia ina kumbukumbu ya vimbunga, ingawa huja kwa nadra. Lindi ilipigwa mwezi Aprili 1952. Mwezi Aprili 2019 Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, wakati sisi wa Mtwara tulikuwa tumeonywa na tunasubiri. Na mwezi Mei 2024 Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga. Sisemi kwamba bustani ijengwe kwa hofu ya vimbunga, ila kitu kilichofungwa kwa zege mita 5 kutoka kwenye ukuta wa bahari ndicho cha kwanza kuharibika na cha mwisho kuhamishika. Kuhusu minazi, sina haja ya maneno mengi: chini ya mnazi wenye nazi hapawekwi mtoto. Upande ule ubaki wa viti vya wanaotaka kunywa madafu na kutazama machweo, na lile gurudumu la zamani linaweza kusogezwa huko kwa ajili ya vijana wakubwa, kwa kuwa halina umeme na likichakaa hasara yake ni ndogo.

Pendekezo la mbele, la kukaribia barabara, nalielewa zaidi kibiashara. Mama alinieleza wazi kwamba mtu aliye kwenye bodaboda hawezi kujua kuna farasi wapya ndani kama hawaoni, na mimi sibishi. Ninachobisha ni kwamba kinachopaswa kuonekana kutoka barabarani ni kitu kirefu na chenye taa, wala hakilazimiki kuwa karibu. Paa la rangirangi la farasi wa kuzunguka lenye kimo cha mita 4 au 5, likiwa mita 45 kutoka langoni na likipambwa kwa taa, linaonekana vizuri usiku hata kwa anayepita haraka. Kuliweka langoni ni kuwaweka watoto wenye haraka karibu na bodaboda na bajaji zinazogeuza. Ninayo sababu nyingine pia, ambayo Mama aliisikiliza kwa kimya. Kwenye uzio wa mbele husimama watoto wa mtaani kwetu ambao wazazi wao hawana fedha ya tiketi siku hiyo, wakiwa wameshika nondo na kutazama. Mashine ikiwa umbali wa mkono, kila mzunguko wa farasi ni kumsuta mtoto asiye na kosa, na sipendi biashara inayomtumia mtoto kama kamba ya kumvutia mzazi wake. Kama kuna kitu kinastahili kuwekwa mbele, basi ziwe zile bembea za zamani, zikishakarabatiwa, zitumike bila malipo siku za kawaida.

Nimefika kwenye jambo ambalo nalitilia uzito kuliko yote baada ya lile la viti, nalo ni watoto wanaolea watoto. Ukikaa barazani jioni moja tu utamwona: msichana wa miaka tisa au kumi, amepewa fedha ya tiketi na kukabidhiwa wadogo zake wawili, mmoja amemfunga mgongoni kwa khanga na mwingine amemshika mkono. Naye ni mtoto. Naye anataka kuruka. Bustani kubwa za ng'ambo mara nyingi huwakusanya watoto wadogo katika eneo lao peke yao. Knott's Berry Farm ya Buena Park, California, kwa mfano, ilifungua mwaka 1983 eneo zima la wadogo liitwalo Camp Snoopy. Mpango huo unafaa pale ambapo kila familia ina mtu mzima mmoja wa kwenda na wakubwa na mwingine wa kubaki na wadogo. Kwetu, tukiweka mitelezo ya wadogo kona moja na michezo ya wakubwa kona nyingine, tutakuwa tumemhukumu yule msichana asimame jioni nzima akitazama wadogo zake wakicheza, au awaache wenyewe na kwenda zake, na sijui lipi ni baya zaidi.

Kwa upande mwingine, kuwachanganya kabisa hakufai. Mwongozo wa viwanja vya michezo wa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani unashauri kwamba vifaa vya watoto wa umri wa kwenda chekechea vitengwe na vile vya wakubwa, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi anayekimbia hamwoni wa miaka miwili anayetambaa. Suluhisho langu ni kuyaweka maeneo hayo mawili bega kwa bega, yakitenganishwa na uzio mfupi usiozidi kiuno cha mtu mzima, wenye lango moja linalotazama baraza. Seti ya wadogo iwe upande wa viti, kisha uzio, kisha farasi wa kuzunguka ambao umri wote wanaweza kupanda, na baada ya hapo michezo ya wakubwa. Msichana wetu akiwa kwenye mchezo wake anawaona wadogo zake, na bibi mmoja aliye barazani, hata kama si ndugu yao, anawaona wote. Bibi wa huku hahitaji kuombwa kumkemea mtoto wa mwenzie.

Mwongozo huo huo una vipimo ambavyo nimevichukua moja kwa moja katika ramani. Kila kifaa cha kupanda kinapaswa kuzungukwa na nafasi ya wazi isiyopungua mita 1.8, na bembea zinahitaji nafasi, mbele na nyuma, mara mbili ya kimo cha mti unaoning'iniza minyororo. Bembea yenye kimo cha mita 2, basi, inakula mita 4 mbele na mita 4 nyuma, na ndiyo maana nimezigeuza zitazame kusini na kaskazini, zisiwe njiani kwa watu wanaotoka barazani. Chini ya vifaa vya kimo cha mita 1.2 unahitajika mchanga wenye kina cha takriban sentimita 23, uliolegea. Mchanga uliopo pale katikati hauko hivyo, kwa sababu gari la soda limeushindilia hadi umekuwa mgumu kama sakafu. Itabidi uchimbwe na kuwekwa mwingine, na usichotwe ufukweni, kwa sababu tutakuwa tumeileta ile chumvi tuliyoikimbia. Njia ya kutoka langoni hadi uzio wa wadogo iwe ya vitofali, si mchanga, ili kiti cha magurudumu kipite.

Jumba la kurukia ni suala la peke yake, na hapa sina mzaha. Mwezi Desemba 2021, mjini Devonport, Tasmania, upepo uliinua jumba la namna hiyo likiwa na watoto, na watoto sita walipoteza maisha. Viwango vya Ulaya vinataka jumba lifungwe kwa nanga zisizopungua sita na lisitumike upepo unapozidi kilomita 38 kwa saa. Wasomaji wa pwani watakumbuka maneno ya Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapotoa angalizo kwa ukanda wetu: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Siku yoyote angalizo hilo linapotolewa kwa pwani ya Lindi na Mtwara, jumba litolewe hewa na likunjwe, hata kama ni sikukuu na foleni ni ndefu. Kwa mahali, nimependekeza kona ya kusini magharibi, mbali na bahari, lakini nisieleweke kwamba ukuta wa kona hiyo utalikinga. Upepo hupinda kwenye kuta na kurudi kwa mapigo. Kinga yake ni nanga na mtu mmoja aliyepewa mamlaka ya kusema basi.

Mvua nitaigusa kwa kifupi. Kwetu msimu ni mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na kona ya kaskazini mashariki ya kiwanja ina bonde ambalo hutuama maji. Pasiwekwe chochote pale. Sehemu ya katikati inahitaji kuinuliwa kwa kifusi kiasi cha sentimita 15 na kuchimbiwa mfereji. Hili lingeweza kusubiri, isipokuwa kwamba Idi el-Fitri, ambayo kila mwaka huwahi kwa siku 10 au 11, iliangukia mwishoni mwa Machi 2025, na kwa miaka kadhaa ijayo itaendelea kuangukia ndani ya mvua. Siku yenye watoto wengi kuliko zote itakuwa na matope mengi kuliko zote, tusipochimba. Foleni ya farasi nayo ipewe paa. Magic Kingdom, bustani ya Disney ya Florida, ilipohamisha na kuongeza maradufu mashine yake ya tembo wanaoruka mwaka 2012, ilijenga pia mahali pa watoto kucheza wakati wakingoja zamu yao. Sisi tunaweza kuanza na turubai na mkeka.

Imebaki treni, na hapo ndipo mimi na Mama hatujakubaliana. Anataka izunguke bustani nzima kandokando ya ukuta, ipite langoni, ipite baharini, na kurudi nyuma ya jiko. Namwelewa. Mtwara iliwahi kuwa na reli ya kweli, iliyojengwa wakati wa mradi wa karanga kuelekea Nachingwea na kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watoto wengi wa hapa hawajawahi kuona treni kwa macho yao. Bila shaka ndiyo itakayokuwa na foleni ndefu kuliko zote. Lakini reli ya kuzunguka ukuta itakata njia ya langoni, itapita chini ya minazi na kwenye lile bonde, itapitisha watoto kwenye moshi wa jenereta, na kwa nusu ya safari hakuna mtu wa barazani atakayewaona. Mimi nataka duara moja la kuizunguka ile miarobaini mitatu, lenye kipenyo cha mita 16, kituo chake kikiwa upande wa baraza, na uzio kuzunguka reli yote.

Vigingi vya farasi na vya seti ya wadogo nimekwisha kuvipigilia, na Mama amekubali gari la soda lihamie karibu na stoo. Kwa treni nimechora mistari yote miwili kwa chokaa, ili aitembelee mwenyewe akiwa na wajukuu zake. Muuzaji anataka kujua urefu wa reli kabla ya kupokea malipo ya kwanza. Mzunguko wangu unahitaji reli ya mita 50 hivi. Wa Mama unahitaji karibu mita 250, na tofauti hiyo ya bei ndiyo ninayoitegemea kuliko hoja zote nilizoandika hapo juu.